Ya Nne Imekufa

Kuna watu Koboko ambao mpaka leo wakiniona wananipa mkono haraka haraka, halafu wanageuka pembeni kucheka, na mimi najua kabisa wanacheka nini, na aibu inanipanda kuanzia shingoni kana kwamba jambo lenyewe limetokea leo asubuhi. Nimewahi kulisimulia kwa kulipunguza, nikaruka hapa na pale ili nitoke safi, lakini kila mara anajitokeza mtu aliyekuwepo na kusema, "Hapana, eleza yote." Basi leo naeleza yote, nanyi mcheke mmalize.

Mimi ni fundi wa magari hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Si fundi wa kila kitu, mimi ni wa nozo, yaani vile vyuma vidogo vinavyopulizia dizeli ndani ya injini, na katika kazi hiyo watu wananiita Daktari, kwa sababu naweka bisibisi ndefu juu ya injini, mpini sikioni, nasikiliza kila nozo inavyogonga, halafu nakuambia ipi nzima na ipi ina tatizo kabla sijalegeza hata nati moja. Jina hilo lilinipanda kichwani. Nikaanza kuongea kama daktari kweli kweli: gari haliharibiki, linaugua, injini haizimi, inazimia, nozo ikiziba nasema imekufa, na ikidondosha matone badala ya kupuliza, basi inakojoa. (Hilo la kukojoa si langu, nililikuta gereji, mafundi wote wanasema hivyo. Lakini mimi ndiye niliyelitoa gereji nikalipeleka mahali ambapo halikutakiwa.)

Tena kuna hiki Kiswahili chetu. Kwetu Kiswahili kililetwa na askari na wachuuzi, hakikuletwa na vitabu, kwa hiyo kila kitu ni "iko". Mzee iko nyumbani, mbuzi iko shambani, sufuria iko jikoni, wote sawa mbele ya Mungu; "anaona" kwetu ni "naona", na "haoni" ni "hapana ona". Alikuwepo dereva mmoja wa lori, mtu wa Tanga, akipita kwangu kila anapopeleka mzigo upande wa Sudan, na kila akipita ananisahihisha: "Daktari, mtu yuko, kitu kiko, nozo iko. Ngeli, bwana, ngeli!" Nami namjibu huku nafuta mikono, "Na nani amewahi kufa kwa sababu ya ngeli?" Gereji nzima inacheka. Nakumbuka kicheko hicho sasa na natamani kujipiga kofi.

Sasa njooni kwa Kiden. Kiden anashona nguo sokoni Koboko, ni Mkakwa wa hapo hapo, na tulikuwa tumependana muda wa kutosha kiasi kwamba hata mama wa chai jirani na gereji alishachoka kuniuliza naoa lini. Baba yake Kiden hayupo duniani, kwa hiyo mwenye neno ni baba yake mkubwa, Mzee Wani, mkulima mwenye shamba Lobule, njiani kabla ya kufika Koboko, mtu mpole wa baiskeli, hazungumzi sana, na alichokizungumza kuhusu mimi hakikuwa kizuri. Alisema mafundi wa magari kazi yao ni mdomo. Alimwambia Kiden hivi: "Mimi hapana angalia ng'ombe yake. Mimi nataka kuona vile nakaa na wazee yake. Mutu yenye hapana chunga wazee, itachunga muke?"

Mnaona hapo. Nilipewa siku moja ya kwenda na wazee wangu kujitambulisha, na siku hiyo kilichokuwa kinapimwa ni kitu kimoja tu, namna ninavyowaheshimu wazee wangu. Nikishindwa hapo, Kiden simpati.

Siku moja kabla, Mzee Wani alinipigia simu kuuliza wazee wangapi wanakuja na nani atatangulia nani, maana viti hupangwa kwa daraja, huwezi kumkalisha mkubwa nyuma ya mdogo. Nikamtajia: wa kwanza na wa pili ni wazee wa ukoo wetu kutoka kijijini kwetu Manibe, wa tatu Mzee Draru, katekista mstaafu, ndiye msemaji wetu, mtu msafi ambaye hata akienda shambani amepiga pasi, wa nne Baba mdogo Onzima, mdogo wake marehemu baba, ambaye ndiye aliyenilea. Mzee Wani akarudia kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, akaridhika.

Asubuhi nikachukua haisi ya dizeli ya rafiki yangu, injini nimeitengeneza mwenyewe, naijua kama mfuko wangu. Nikavaa shati jeupe. Nikafika Manibe kuwachukua wazee, nikaona mafuta hayatoshi kwenda na kurudi, na nyuma ya jiko la Baba mdogo kulikuwa na jerikeni ya dizeli niliyoiacha mimi mwenyewe siku nyingi, kifuniko kimepotea, mdomo umezibwa na kipande cha nailoni, na mvua za siku zile mnazijua. Kila siku nawafokea wateja: mafuta ya jerikeni acha yatulie, chuja kwa kitambaa, maji ni adui wa nozo! Lakini kuchuja kungechafua shati langu, na wazee walishapanda, na Mzee Draru alikuwa anaangalia saa. Nikajisemea, maji kidogo hayaui gari. Nikamimina.

Kosa ni hilo tu. Mengine yote yalijizaa yenyewe.

Tulienda vizuri, Mzee Draru akifanya mazoezi ya hotuba yake kwa sauti ya kanisani, mpaka tulipokaribia Lobule, kwenye kupanda, gari likaanza kukohoa. Likatoa moshi mweupe. Likatetemeka mpaka kofia ya Mzee Draru ikamwangukia puani, halafu likapoteza nguvu kabisa nikalisogeza pembeni ya barabara. Wazee wakashuka wakaenda kukaa kwenye kivuli, isipokuwa Baba mdogo, ambaye ana kipaji cha kulala popote. Yeye alijilaza kwenye kiti cha nyuma, akajifunika taulo usoni kwa sababu ya vumbi, akaanza kukoroma.

Mimi nikakunja mikono ya shati (la nini sasa), nikafungua kiti cha mbele maana injini ya haisi iko chini yake, nikamwomba Mzee Draru awashe. Hapo nikafanya kipimo ambacho kila fundi wa dizeli anakijua: injini ikiwa inaunguruma, unalegeza bomba la mafuta la nozo moja moja. Ukilegeza injini ikataka kuzima, jua nozo hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukilegeza na injini ikaendelea vile vile kana kwamba hujafanya kitu, basi hiyo ilikuwa abiria tu. Ya kwanza nzima. Ya pili inafanya kazi kwa kusitasita. Ya tatu na ya nne, wapi. Nikazichomoa zote mbili, nikazifunga kwenye mabomba yake huku ziko nje, mikono mbali (mafuta ya nozo yana nguvu, yanapenya ngozi), nikamwambia Mzee Draru azungushe ufunguo. Nozo nzima inapaswa kutoa ukungu, kama vile mtu anavyopuliza maji kwa mdomo juu ya nguo kabla ya kupiga pasi. Ya tatu ikadondosha, to, to, to, ikalowesha zulia lote la gari. Ya nne haikutoa hata tone.

Nikamshukuru Mzee Draru, akarudi kivulini kwa wenzake. Ndipo simu ikalia. Mzee Wani. Mikono yangu imejaa dizeli, nikaibana simu kati ya sikio na bega, kichwa kiko ndani ya injini, na (naomba mlisikie hili) nilikuwa na furaha, kwa sababu nilishajua tatizo, na fundi akishajua tatizo anajiona bwana harusi tayari.

"Mwanangu, iko wapi? Watu nangoja."

"Baba, tuko karibu na Lobule, lakini tumekamatwa na shida ya nozo."

"Nozo?"

"Nozo, baba. Tangu tutoke Manibe imeanza polepole."

"Yote nne?"

Nikashangaa jinsi mzee wa baiskeli anavyojua kwamba nozo ni nne. Nikampenda. "Hapana, baba, si yote. Ya kwanza iko muzima. Ya pili iko natetemeka, lakini itafika. Ya tatu," na hapo nikacheka, Mungu anisamehe, "ya tatu iko nakojoa tu."

"Nakojoa?"

"Nakojoa sana, imelowesha gari yote. Na ya nne imekufa."

"Imekufa!"

"Imekufa kabisa, baba. Nimegonga-gonga na nyundo, wapi. Nimetoa nje, nimelaza hapa kwa nyasi."

Nikasikia anavuta pumzi. "Umefunika?"

"Nimefunika na kitambaa, vumbi isiingie."

"Na hii shida imeletwa na nini?"

Basi nikaona hapa ndipo mahali pa kuonyesha kwamba mimi ni mkweli, sifichi makosa yangu kwa wakwe. "Maji, baba. Imekunywa maji chafu. Na kosa ni yangu, mimi ndiye nilimimina asubuhi, kwa haraka."

"Wewe."

"Mimi, baba. Lakini usiogope. Nikishindwa kuamsha hii ya nne, tutakuja na tatu, inatosha, maneno yetu itaendelea. Nikirudi Arua nitatafuta ingine. Kule iko mingi, hata ya Dubai iko."

Akasema polepole, "Mwanangu, Mungu nakuona."

Nikajua ananibariki. Nikamjibu, "Asante sana, baba. Na wewe pia."

Simu ikazima hapo hapo, chaji imekwisha. Nikaitupa kwenye kiti nikaendelea na kazi nikipiga mbinja.

Na kazi ile, jamani, niliifanya vizuri! Nilifungua ya nne, nikakuta sindano yake imeng'ang'ania kwa uchafu, nikailoweka kwenye dizeli safi niliyoomba kwenye lori lililopita, nikaizungusha kwa kijiti laini kidogo kidogo mpaka ikaanza kuteleza, nikaisugua kwa mswaki wangu mwenyewe, na ya tatu nikaifanya vile vile. Nikamwaga maji yaliyokaa kwenye chujio, nikatoa upepo kwenye mabomba, nikarudisha kila kitu, nikawasha. Injini ikaimba. Nikapiga kelele barabarani peke yangu, "Ya nne imefufuka!" na wazee kule kivulini wakapiga makofi, na Baba mdogo akageuka upande wa pili akaendelea kukoroma.

Tulipokaribia nyumbani kwao Kiden, pembezoni mwa mji, tukasikia vilio. Si kilio cha mtu mmoja, ni vilio vya wanawake wengi. Nikapunguza mwendo, nikajua jirani yao amefiwa, tena siku yetu. Mzee Draru akavua kofia. "Tuingie na adabu," akasema, "tutoe pole kwanza, mambo yetu baadaye." Nami nikatengeneza uso wa huzuni, uso ule wenye masizi na dizeli, nikaingiza gari uani taratibu kabisa. Watu wamejaa. Wanaume wamesimama kimya, mikono nyuma. Nikashuka na wazee wangu watatu, na Mzee Draru kwa sauti yake ya kanisani akaenda moja kwa moja kwa Mzee Wani, akamshika mikono yote miwili.

"Poleni sana," akasema.

"Hapana, poleni nyinyi," akajibu Mzee Wani, macho mekundu.

"Asante. Lakini poleni nyinyi zaidi."

"Sisi? Nyinyi ndiyo mumepoteza mutu."

Mzee Draru akanitazama, akamtazama tena mwenyeji wake. "Ilikuwa nani?" akauliza kwa upole.

Kabla hajajibiwa, bibi yake Kiden, mwanamke mzee sana, alikuwa ameshaongoza wanawake nyuma ya gari. Wakafungua mlango. Na kule ndani, mnakumbuka, amelala Baba mdogo Onzima, amenyooka, taulo usoni. Mayowe yaliyopigwa pale nadhani yalisikika mpaka ng'ambo ya mpaka. Bibi akamshika mguu, akaukumbatia, akawa anaulilia mguu wa mtu asiyemjua, machozi yanamdondokea kwenye vidole, na vidole vikacheza. Taulo likaanguka. Baba mdogo akakaa, nywele zimesimama, akatazama umati ule akauliza kwa huruma ya kweli, "Nani imekufa?"

Sijawahi kuona ua likibaki tupu haraka namna ile. Masufuria yaliangushwa, viatu vilibaki peke yavyo, mtu mmoja alipita katikati ya ukuta wa nyasi wa bafu akatokea upande wa pili. Pale nyuma ya gari alibaki bibi tu, kwa sababu miguu yake haiwezi kukimbia, akawa amefumba macho huku bado ameshika ule mguu.

Na mimi sikukimbia kwa sababu nilikuwa nimeshikwa. Vijana wawili wa kijiji walikuwa wamenikamata mkanda wa suruali tangu niliposhuka, na nilidhani wananikaribisha. Mwenyekiti wa kijiji akasogea, jasho linamtoka, akaniuliza, "Wewe ulimimina nini?"

"Dizeli," nikasema.

"Ulimimina wazee dizeli?"

Ndipo ikaniingia. Haikuingia yote kwa pamoja, iliingia neno moja moja, kuanzia "imekunywa maji chafu" na kurudi nyuma mpaka "ya tatu iko nakojoa," na kila neno lililorudi nililisikia kwa sauti yangu mwenyewe, yenye furaha, inacheka. Nyundo. Nyasi. Kitambaa. Hata ya Dubai iko.

Watu walipoanza kurudi mmoja mmoja, nikalazimika kueleza. Mtu gani amewahi kujieleza namna hii kwa wakwe? Nilifungua kiti cha gari mbele ya ua zima, nikanyoosha kidole cheusi: hii ndiyo nozo ya kwanza, hii ya pili, hii ya tatu, hii ya nne. Mzee Wani aliinama akatazama ndani ya injini kwa muda mrefu sana.

"Hii ndiyo ilikufa?"

"Ndiyo, baba."

"Hii kidole ya chuma?"

"Ndiyo, baba."

Vijana wakaniachia mkanda ili wapate nafasi ya kucheka. Walicheka mpaka wakakaa chini, na mwenyekiti naye, na wanawake waliokuwa bado na machozi mashavuni. Mzee Wani peke yake hakucheka. Naye Mzee Draru hakucheka, kwa sababu alikuwa ameenda kutafuta kiti chake. Viti vilikuwa vinne, vimepangwa kwa daraja kama tulivyosema, vyote vimetandikwa vitambaa vyeupe vilivyodariziwa na Kiden mwenyewe, isipokuwa cha tatu. Cha tatu kilikuwa kimefunikwa nailoni nene, imefungwa vizuri kwa kamba chini, na pembeni yake wamempangia beseni, kwa heshima, upande ambao watu hawaoni.

"Hii kiti yangu," akasema Mzee Draru, "mbona imevaa nailoni?"

Watu wakatazama chini. Mzee Wani akanitazama mimi, na nikaelewa kwamba ni mimi wa kusema.

"Mzee," nikasema, na sauti ikanitoka kama ya mtoto, "niliwaambia ya tatu inakojoa."

Mtu huyo amefundisha ubatizo nusu ya watu wa Manibe. Hakukaa kwenye kiti hicho wala kwenye kingine walichomletea mbio mbio. Alisimama mchana wote, mgongo kwa watu, suruali yake kavu, ili kila mwenye macho ajionee mwenyewe. Nilitaka ardhi inimeze, na ardhi ya Koboko ni ngumu.

Hotuba haikutolewa. Bibi, alipouachia mguu wa Baba mdogo, alisema neno moja na likawa ndilo hilo: "Machozi imetoka hapa leo. Siku ya machozi hapana omba muke." Hakuna aliyembishia. Chakula walichokuwa wameacha kupika kwa ajili ya msiba hakikurudi motoni, tukanywa chai, tukaondoka. Kiden sikumwona hata kivuli. Na gari, ili kunikomoa, lilirudi Manibe likiteleza kama jipya, hakuna moshi, hakuna kukohoa, injini ninayoisikia vizuri kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa anaongea ndani yake.

Tulipokaribia kufika, Baba mdogo ndiye aliyefungua mdomo. "Wale watu," akasema, "wamenililia vizuri." Tukamgeukia. "Yule mama mzee hapana nijua, lakini amelia mpaka mguu yangu imelowa. Hapa Manibe mimi hapana jua kama mutu itanililia hivyo." Akafikiri. "Nimewapenda. Tutarudi." Mzee Draru akaguna. Mimi nilikuwa naendesha huku nalia, na masizi yananiingia machoni.

Nilienda Koboko siku chache baadaye, peke yangu, nikamkuta Kiden kwenye cherehani yake sokoni. Nilikuwa nimejiandaa kumchekesha. Nilikuwa hata nimefanya mazoezi ya sauti ya mwenyekiti, "Ulimimina wazee dizeli?" Aliendelea kushona mpaka akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Baba mukubwa ilisikia vibaya, hiyo najua," akasema. "Si hiyo naniuma."

"Sasa nini?"

"Wakati iliniambia umesema utatafuta ingine Arua, hata ya Dubai, mimi niliamini." Hakuinua macho. "Mama alisema hapana, haiwezekani. Lakini mimi nikasema ndiyo, hii ni maneno yake. Dada yako ilikuwa mugonjwa, wewe uliniambia nini? Uliniambia injini imechoka. Ukacheka."

Nimeaibika mbele ya watu wengi siku ile ya ua, lakini aibu ya pale cherehani, ambapo tulikuwa wawili tu, ndiyo inayoniamsha. Kwamba mtu anayenipenda alisikia maneno ya kikatili kiasi kile, na akayatambua kuwa ni yangu.

Tulirudi Koboko, ndiyo. Baba mdogo alikataa kukaa kiti cha nne, akasema aliyekufa na kufufuka anatangulia, wakampa cha kwanza karibu na bibi, na wale wawili walikaa wakizungumza kama ndugu. Mzee Draru alikubali kuja kwa sharti moja, kwamba mimi nisitamke neno lolote tangu tunatoka mpaka tunarudi, na Mzee Wani aliposikia sharti hilo alilipenda akaliongezea lake: nikae karibu na wazee wangu, niwape maji ya kunawa kwa mikono yangu. Basi nikakaa. Nikawamiminia maji wote wanne, safi, nimeyachuja mwenyewe kwa kitambaa, na watu walicheka nami nikainamisha kichwa nikaendelea kumimina. Jioni Mzee Wani akaniambia, "Leo umenyamaza muzuri," na ndivyo nilivyopewa mke.

Kuanzia hapo niliapa. Mtu ni mtu na chuma ni chuma, na simu ikilia nikiwa kwenye injini sisemi neno lolote mpaka ninawe mikono, nisimame wima, nitaje kwanza ninaongea habari ya nani. Yule dereva wa Tanga alipopita tena nilimwomba anifundishe ngeli, akacheka mpaka akashika usukani wa lori. (Hata haya ninayowaandikia nimeyapitia mara mbili mbili, nikitafuta "iko" iliyojificha.) Gereji siku hizi hawaniiti Daktari. Wananiita Ya Nne.

Kiden alipojifungua, nilitoka nje ya wodi, nikanawa mikono ingawa ilikuwa safi, nikasimama wima, nikampigia Mzee Wani. Nilikuwa nimepanga kila neno. "Baba," nikasema, "mtoto amezaliwa. Ni mtu, ni msichana. Yeye yuko hai, mama yake yuko hai, wote wawili wako salama."

Nikamsikia anapumua.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, baba."

"Muzuri. Sasa mupe Kiden simu," akasema, "niulize mutu."